Mshono wa Puani

Kwenye pua yangu, upande wa kushoto, kuna alama ndogo kama mbegu ya nyanya. Shule ilipofunguliwa muhula wa pili ilikuwa bado kidonda, na naibu wa mwalimu mkuu akanitoa kwenye paredi, akanielekezea kidole mbele ya shule nzima.

"Mwangalieni huyu! Kijana wa kidato cha tatu ametoga pua kama bibi harusi!"

Shule ikaangua kicheko. Mimi ni mtu wa kuchekesha watu, lakini napenda kuchagua siku mwenyewe. Nikamwambia ukweli: mwalimu, nimedungwa na guka yangu, alikuwa anataka kujua kama nimekufa. Nikapewa siku tatu za kufyeka nyasi nyuma ya vyoo, moja ya pua na mbili za uongo.

Haikuwa uongo. Na yule ambaye angekuja shuleni kunitetea, hata akisukumwa kwa wilibaro, sasa hayupo.

Guka ni babu kwa Kikuyu, na huyu alikuwa babu ya mamangu. Ndiye aliyemlea mama, na kwa hivyo macho yake yalipoanza kufifia mama alikataa katakata abaki peke yake Thika, akamleta kwetu Ruiru, kwenye nyumba yetu ya kupanga ya vyumba viwili. Alipewa kitanda changu. Mimi nikapewa godoro na hotuba kuhusu heshima. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja tu afike mia, na jino moja, ambalo alilitumia zaidi kucheka.

Kwetu Wakikuyu, guka humwita mjukuu wake wa kiume Guka pia. Ndani ya nyumba tukawa Guka wawili.

"Guka, umekula?"

"Nimekula, Guka. Na wewe, Guka?"

Jirani aliyekuja kuazima chumvi alisikiliza mlangoni, akamwambia mama pole kwa kulea wazee wawili kwa mshahara mmoja.

Mshahara wenyewe ulitoka kiwanda cha nguo. Mama hushona mifuko ya jinzi. Mifuko tu. Miaka tisa hajawahi kushona suruali nzima, na jambo hilo lilimuudhi Guka kuliko ugonjwa wowote. "Mfuko bila suruali," alikuwa anasema, "ni kama kuzaa sikio." Yeye alikuwa fundi wa turubai. Zaidi ya miaka hamsini alishona vifuniko vya malori pale Thika, malori ya mananasi, malori ya mawe, na hata alipoacha kazi aliendelea kuchomeka sindano upande wa ndani wa kola ya shati lake. Si sindano ya vifungo. Sindano ya turubai, ndefu kama kidole changu cha kati, yenye ncha ya pembe tatu. Mama alikuwa anafua shati, anaitoa, anaianika dirishani, halafu anairudisha. Ni wakati wa kulala tu alipokubali kuivua.

Kushona alifunzwa na fundi Mhindi mjini Thika kabla hata hajaota ndevu. Na kushona ndiko kulikompeleka baharini. Vita kuu vya pili vilipokuja alidanganya umri, akaandikishwa, akapelekwa Mombasa, yeye ambaye maji mengi aliyowahi kuona ni ya Mto Chania mvua ikinyesha. Huko akapewa meli.

Yeye alisema "meri" mpaka siku ya mwisho. Zamani ilikuwa meli ya kuvulia nyangumi. Wakubwa waliing'oa chusa, ule mkuki wa nyangumi, pale mbele, wakaweka mzinga, wakaipaka rangi ya kijivu, wakaiambia kuanzia leo wewe ni askari. Watu kama arobaini ndani ya chuma kisichozidi urefu wa mabasi manne. Kazi yake ilikuwa kusindikiza meli za mizigo kuelekea kaskazini: zile kubwa zinakwenda kwa foleni, na hii ndogo inazizunguka pembeni kama mbwa anayechunga mbuzi, ikitafuta nyambizi zilizojificha chini ya maji.

"Guka, nyambizi mliiona?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Sasa mlikuwa mnapigana na nini?"

Akafikiri. "Na kutoiona," akasema. "Hiyo inachosha zaidi."

Nilizijua stori hizo zote, na nilikuwa nikiziigiza shuleni kwa sauti yake. Kulikuwa na mpishi wa kutoka pwani aliyewapikia maharagwe mpaka wakaanza kuyapa majina ya maafisa. Kulikuwa na Mzungu wa mzinga, mwenye nywele nyekundu, aliyelia kila akipata barua na kila asipoipata. Guka mwenyewe alishona vifuniko vya mzinga, bendera zilizoraruliwa na upepo, na vile vitanda vya turubai vya kuning'inia ambavyo walilalia, kila mtu chake. Kulikuwa na kazi nyingine ya sindano ambayo hakuwahi kuitaja. Hiyo nilikuja kuijua nikiwa tayari navuja damu.

Unajua, mimi nina kipaji. Najua kufa. Tangu darasa la nne nimekufa uwanjani wakati wa mbio, nimekufa katikati ya hesabu, nimekufa mara nyingi sana mama anapotaja maji na ndoo. Mama alishazoea, ananiruka, anaenda zake. Lakini Guka hakuwa amewahi kuniona kazini.

Likizo ya Aprili, kazi yangu ilikuwa kukaa naye mama akiwa kiwandani. Asubuhi moja aliniambia nimnyoe ndevu. Mimi nilikuwa na simu mkononi na mpira unaonyeshwa marudio. Nikasema sawa Guka, nakuja, nikaenda nikajipaka povu la dawa ya meno mdomoni, nikaja nikaanguka kwenye zulia mbele ya kiti chake, mikono huku na huku, macho juu.

"Guka?" akaita.

Kimya. Nikabana pumzi.

"Wee Guka. Amka, umwage hiyo mate."

Kimya. Nilikuwa nakufa vizuri sana, nasema kweli. Nikasikia kiti kinalia. Nikasikia magoti yake yanagonga sakafu kando yangu, moja, halafu lingine, na nikaanza kujisifu moyoni kwa sababu mzee huyo hakuwa amepiga magoti kwa mtu tangu nimjue, hata kanisani alipewa ruhusa. Mkono wake ukapita kifuani, ukapita mdomoni. Halafu vidole viwili vikaishika pua yangu polepole, kama fundi anayepima unene wa kitambaa. Nikajua: anataka kunizibia hewa. Nilikuwa tayari kwa hilo.

Kwa sindano sikuwa tayari.

Nilifufuka nikapanda juu ya meza. Damu kwenye fulana, povu kwenye nywele, napiga mayowe mpaka jirani wa chumvi akagonga ukuta. Guka alikuwa amekaa chini sakafuni, sindano mkononi, jino lake lote nje.

"Haiya! Umerudi!"

"Guka, umenidunga!"

"Na wewe umekufa! Maiti inalalamika?"

"Ungenitoboa ubongo!"

"Nimetafuta, sijaupata."

Tulicheka. Mimi nilicheka nikilia, yeye akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko chake kikaendelea baada ya changu kuisha, na nilipomwangalia vizuri nikaona hakikuwa kicheko tena. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na sikujua mtu wa miaka hiyo anabembelezwaje. Nikashuka mezani nikakaa naye kwenye zulia.

"Hata yeye alikuwa anajua kufa," akasema.

"Nani?"

"Yule wa makaa."

Alinihadithia siku hiyo na siku zilizofuata, kidogo kidogo, mimi nikimnyoa. Nadhani aliona rahisi kusema kidevu kikiwa juu na macho kwenye dari.

Yule wa makaa alikuwa kijana wa kutoka kando ya ziwa, mkubwa kama mlango, kazi yake kulisha tanuri ya meli huko chini ambako joto lilikuwa linachoma nyusi. Kitanda chake kilining'inia kando ya cha Guka. Walikula sahani moja. Guka hakujua lugha yake na yeye hakujua ya Guka, na Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kuombea maji, lakini mtu wa kuchekesha hahitaji lugha. Zamu ikimchosha anaanguka kando ya makaa, ulimi nje. Mkubwa wake anatukana, mtu mwingine anateremka badala yake, halafu yeye anafungua jicho moja. Siku moja alilala juu ya meza ya chakula mpaka mpishi akaanza kumsomea dua. Alipofika katikati ya dua, maiti ikaomba chai.

"Wewe unafanana naye," Guka akaniambia.

"Kwa uzuri?"

"Kwa ujinga."

Kisha akanieleza ile kazi nyingine ya sindano. Mtu akifa baharini na nchi kavu iko mbali, hushonwa ndani ya kitanda chake mwenyewe cha turubai. Miguuni huwekwa vyuma viwili vya tanuri ili ashuke. Fundi huanzia miguuni, anapanda, magoti, tumbo, kifua, na mshono wa mwisho kabisa hupitishwa kwenye ngozi ya pua. Ni mila ya watu wa bahari. Mzungu wa nywele nyekundu ndiye aliyemfunza. Kama mtu bado yuko, hapo ataruka. Asiporuka, fundi anakata uzi na kusema kwa sauti, "Tayari," ndipo nahodha anavua kofia na kuanza kuomba. Bila neno hilo haombi. Guka alikuwa na miaka kumi na saba, kama mimi sasa, na alikuwa ameshasema neno hilo mara nne.

Siku ya tatu kutoka Mombasa, jua la mchana, yule wa makaa alipanda ngazi kutoka chini, akatembea mpaka kwenye kivuli cha mzinga, akakaa, akalala. Ulimi nje.

"Mkafanya nini?" nikauliza.

"Tulicheka."

Wembe wangu ukasimama.

"Tulicheka, Guka. Mpishi alimtupia ganda la kitunguu. Tukamwacha hapo tukaenda kunywa chai. Tulimmwagia maji baada ya chai."

Meli ndogo kama hiyo haikuwa na daktari, ilikuwa na mtu wa dawa tu. Alikuja, akasikiliza kifua, akasema ni joto, amekwenda. Na kwa sababu ya joto hilohilo, nahodha akaamuru ashonwe kabla jua halijatua. Guka akaleta sindano. Akaanza miguuni. Akapanda. Alipofika usoni, uso ulikuwa uleule wa juu ya meza ya chakula.

"Nilingoja afungue jicho moja," akasema. "Nilingoja sana. Watu wamepanga mistari, Mzungu anaangalia saa. Nikaweka sindano kwa pua, na mkono ukakataa. Nikaipitisha kando. Turubai tu. Halafu nikasema tayari."

Wakainua ubao aliolazwa, akateleza baharini. Guka alisema maji yalifunga haraka kama mlango wa duka mvua ikianza, na meli haikupunguza hata mwendo, kwa sababu zile kubwa za mizigo hazingesubiri.

"Lakini alikuwa amekufa, Guka. Mtu wa dawa alisema."

"Mtu wa dawa alisema," akajibu. "Sindano haikusema."

Nilitafuta mzaha wa kuweka hapo. Huwa napata. Nilifuta sabuni sikioni mwake, hata haikuwepo.

"Basi sikia," akasema. "Mimi nikienda, wasinifunge kabla hujahakikisha. Si daktari. Wewe. Sindano itakuwa hapa kwa kola."

"Guka, siku hizi kuna mashine. Inapiga pii."

"Wewe."

"Na ukiruka?"

"Nikiruka unipe chai."

Tukapeana mikono kwa hilo, kiganja chake kigumu kama soli. Baadaye wiki hiyohiyo alitaka apelekwe Kamakis, ambako nyama huchomwa tangu asubuhi, si kula, kunusa tu. Tulimpeleka Jumapili, akakaa kwenye moshi kama mfalme, akamwambia mhudumu nyama hii inanukia vizuri, wape wengine. Ndiyo siku ya mwisho ninayoikumbuka akiwa mzima.

Mwezi wa saba kifua kilimbana, akalazwa hospitali mjini Thika. Alhamisi, katikati ya somo la kemia, niliitwa kwa naibu wa mwalimu mkuu. Nilienda nikishika pua, nikitunga jibu njiani. Akaniambia nikae. Hakuwahi kuniambia nikae, na nikajua kabla hajafungua mdomo tena.

Nyumbani mama alikuwa na shati la Guka kwenye mfuko wa plastiki. Nikageuza kola. Ilikuwepo. Nikamwambia mama kuhusu ahadi, na ndipo nikaona jinsi inavyosikika mtu akiisema mchana, nyumba imejaa kina mama wa kanisa.

"Umchome nani na nini?" akauliza.

"Mama, alisema yeye mwenyewe."

"Alikuwa mzee. Wewe ni mtu wa mzaha. Hutaenda kumchezea Guka na sindano watu waseme sisi ni wachawi." Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Tafadhali, baba. Hii moja tu, usicheze."

Huo ndio ubaya wa kuwa nilivyo. Mara moja maishani nilikuwa nimebeba jambo la kweli, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniamini. Usiku huo niliona kwa macho ya mawazo sanduku linafungwa, skrubu zinazunguka, na mimi nimesimama nimekunja mikono kama mtoto mzuri. Na ningekaa hivyo miaka themanini, nikijiuliza.

Asubuhi ya mazishi wanaume walitakiwa waende mochari kumvalisha. Walikuwa wawili tu, anko yangu na dereva wa gari. Nikamwambia anko naenda.

"Huko si mahali pa mchezo."

"Sijakuja kucheza."

Akafungua mlango wa gari. "Ingia," akasema.

Walimvalisha suti ya buluu ambayo hakuwahi kuipenda. Puani walikuwa wamemwekea pamba. Anko akainua miguu, akagundua viatu vimesahaulika garini, na dereva ndiye aliyekuwa na ufunguo; wakatoka mbio wote wawili. Tukabaki mimi, Guka, na mhudumu wa mochari, mzee mmoja aliyevaa gambuti za mpira, anayekunja taulo. Nikatoa sindano kwenye kola ya shati langu la shule, ambako niliihamishia usiku.

"Unafanya nini na hiyo?" akauliza.

Nikamwambia. Meli, turubai, yule wa makaa, ahadi. Sijui kama ilikuwa sentensi tano. Nilitegemea acheke au anifukuze. Aliweka taulo chini.

"Upande gani?"

"Kushoto."

Akaitoa pamba yeye mwenyewe, kwa vidole viwili. "Fanya polepole," akasema. "Yeye hana haraka."

Nikashika pua ya Guka. Ilikuwa baridi, na uso ulikuwa ule anaouweka akiwa kitini, akijifanya amelala ili asikie tunavyomsengenya. Nikaweka ncha ya sindano. Na mkono ukakataa. Nakuambia ulikataa kabisa, kama si wangu. Nilikuwa nimemcheka Guka kidogo moyoni siku ile ya wembe, nikiwaza mimi ningedunga tu, ni ngozi. Nilimngoja afungue jicho moja.

"Guka," nikasema. "Nitakudunga."

Nikampa muda. Hata yule wa gambuti alimpa muda, aliangalia ukuta.

"Guka, nimebeba chai."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa kwenye begi langu la shule, kwenye chupa ya mama, na sukari tatu kama anavyopenda.

Nikasukuma. Sindano ikaingia upande mmoja ikatokea upande wa pili, na hakuna damu, hakuna chochote, hata nyusi hazikusogea. Nikaichomoa. Nikangoja tena, kwa sababu alikuwa amejifunza kufa kwa mtu hodari. Mhudumu akairudisha pamba. Nami nikaichomeka sindano upande wa ndani wa kola ya suti, mahali pake.

Anko akaingia na viatu, anahema.

"Tayari?"

"Tayari," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko chumba kilivyohitaji, na anko akavua kofia.

Chai nilimpa yule wa gambuti. Aliinywa amesimama mlangoni, akiangalia gari letu likirudi nyuma, na hakusema kama ilikuwa na sukari nyingi.